Mji Hulindwa na Nani Usiku?

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya wiki hii nakuomba tuziweke kando habari za bei ya sukari na kukatika kwa umeme, tuzungumze habari ya usiku. Nina maana ya usiku wa mji mdogo wa pwani, ambao taa zikizimika kila mtu hubaki na masikio yake na moyo wake. Swali langu ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Mji mzima unapoingiwa na kitu kisichoonekana kwa macho, nani huulinda?

Najua wapo watakaocheka. Watasema, mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye stashahada yake, anakalia kipaza sauti kutueleza habari za majini! Wacheke, lakini wanisikilize. Sikuja kuthibitisha kuwa jini yupo au hayupo. Hilo nawaachia masheikh, mapadri na madaktari. Nimekuja na historia, na historia inatufundisha kwamba hofu ya watu ni tukio la kweli, hata kama kile kilichoogopwa hakikupata kuonekana. Kwa hofu watu wamejenga kuta na kuchinja ng'ombe. Na kwa hofu hiyohiyo, kama tutakavyoona mbele, watu wameua mtu.

Tuanzie Gedi. Aliyekwenda Malindi bila shaka amepata kuusikia mji huu, ambao magofu yake yamo ndani ya msitu, kiasi cha kilomita 16 kusini mwa Malindi. Ulikuwa mji wa mawe, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba za matajiri waliolia vyombo vya kauri kutoka China. Ulistawi sana katika karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 watu wake walikuwa wamekwisha uhama. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Gedi ilizungukwa na ukuta, na ndani ya ukuta huo ukawapo mwingine. Ukuta wa mawe humzuia mwizi na adui mwenye mkuki. Adui asiye na mwili je? James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, alikuta vyungu vilivyofukiwa ardhini penye milango. Alieleza kuwa ni fingo. Kwa wasiolijua neno hili, fingo ni kago linalofukiwa chini ili kulinda nyumba, shamba au mji mzima. Imani ilikuwa kwamba jini huvutwa akakaa ndani ya chungu kile na kupewa kazi ya ubawabu. Mwenye nia njema hupita salama, na mwenye nia mbaya hurukwa na akili akiwa bado mlangoni.

Usidhani kuwa jambo hili lilikuwa la watu wa majumba ya mawe peke yao. Jirani zao Wamijikenda, waliokaa katika kaya zao ndani ya misitu, nao walikuwa na fingo. Wazee husimulia kwamba mafingo hayo yalibebwa tangu Singwaya, huko kaskazini walikotokea, yakafukiwa katikati ya kila kaya mpya. Misitu hiyo mitakatifu nayo iliingizwa katika orodha ya UNESCO, mwaka 2008. Basi tazama watu hawa wawili. Mmoja Mwislamu wa mjini na mwingine mwenye mila ya wahenga wake msituni, huyu amejenga kwa mawe na yule kwa miti na makuti, lakini fikra yao juu ya mji ni moja. Mji una mlango, mlango una mlinzi, na mlinzi huyo aliwekwa na waliouanzisha mji. Mahali alipofukiwa wanapajua wazee, na anayepajua ndiye mwenye sauti barazani. Kwa hiyo ulinzi ule ulikuwa pia ni utawala.

Lakini fingo likifukiwa limefukiwa. Halionekani wala halimshirikishi mtu. Kwa hiyo miji ya pwani ilikuwa na ulinzi wa pili, uliofanywa mchana kweupe na kila mtu akauona. Huo ni zinguo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana wetu. Siku hizi kijana akisema fulani "anazingua", ana maana kwamba anamsumbua. Kwa wazee neno hili lina maana iliyo karibu kuwa kinyume chake. Kuzingua ni kumwondolea mtu uchawi au balaa lililomkaa. Na kama mtu mmoja anaweza kuzinguliwa, mji nao huzinguliwa.

Lamu walifanya hivyo, na Mombasa walifanya hivyo. Huchukuliwa ng'ombe dume, akazungushwa mipaka ya mji wote. Nyuma yake hufuata watu, wazee kwa watoto, huku wakisoma Kurani na dua, na ubani ukifuka. Mzunguko ukikamilika, ng'ombe huchinjwa na watu wakala pamoja. Kule Mombasa kazi hii ilikuwa ya wenyeji wa mji, wale wajulikanao kama Thenashara Taifa, yaani Taifa Tatu na Taifa Tisa, na ng'ombe wao alichinjwa penye kaburi la Shehe Mvita. Ilifanywa Siku ya Mwaka. Mahali pengine ilifanywa pia pale mvua zilipokataa kunyesha au maradhi yalipoingia mjini. Na maradhi yaliingia kwelikweli. Katika karne ya 19 kipindupindu kiliipiga Zanzibar zaidi ya mara moja, na ule wa mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876. Wakati huo hata wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya chanzo chake. Mtu aliyemwona jirani yake mzima asubuhi na maiti jioni alikuwa na haki ya kuamini kwamba kuna kitu kimeingia mjini usiku.

Siku ya Mwaka, wengine wakiita Nairuzi kwa jina lililotoka Uajemi, nayo ina hesabu yake ambayo wengi wetu tumeisahau. Huu si mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi, wala si mwaka wa Januari. Ni mwaka wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo, na kila mwongo ni siku 10. Ukizidisha unapata miongo 36, na zinabaki siku 5, zinazoitwa gatha. Wakulima walijua kwa miongo wakati wa kupanda, na manahodha walijua kwa miongo wakati wa kung'oa nanga. Kwa kuwa mwaka huu haukuongezewa siku kila baada ya miaka minne, sikukuu yake imekuwa ikisogea kidogo kidogo katika kalenda ya kizungu. Siku ya mwisho wa mwaka huitwa kibunzi. Mwaka unapokufa na mwingine haujazaliwa bado, mji unakuwa kama nyumba iliyoachwa mlango wazi.

Ndiyo maana kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mpaka leo watu hukusanyika kila mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa makuti ya mgomba hadharani, watu wakitazama na wanawake wakiimba. Wanaopigana wanatoa ya moyoni ili mwaka mpya usiwakute na vinyongo vya mwaka uliopita. Kisha hujengwa kibanda cha makuti na kutiwa moto, na aliyemo ndani hutoka mbio akiwa salama. Siku hiyo kila nyumba hutaka mgeni, kwani nyumba isiyopata mgeni ni dalili mbaya kwake. Hebu yatazame kwa makini mambo haya matatu: ugomvi unamalizwa mbele ya watu, kinachochomwa ni makuti matupu, na mgeni ni baraka. Nakuomba uyakumbuke, maana tutayarudia.

Miaka mingi iliyopita nilikwenda Lamu kutengeneza kipindi, nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana hali, nikamuuliza kama yeye anaamini kuwa ng'ombe anaweza kufukuza maradhi. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikujua ng'ombe anafukuza nini. Najua siku ile hapana mtu aliyelala na njaa, na hapana mtu aliyemtazama mwenzake kwa jicho baya." Maneno yale yamenikaa, na ndiyo chimbuko la mazungumzo haya.

Hata hivyo, mimi si mtu wa kusifu kila cha kale. Mji ule wa zamani ulimlinda nani? Ulimlinda mwungwana kwanza. Ndani ya ukuta uleule waliishi watumwa waliobeba mawe ya kuujengea, na katika mambo ya mji hawakuwa na kauli. Nje ya ukuta waliishi watu waliobandikwa jina la washenzi, na katika fikra za wengi balaa lilitoka huko. Tena wapo masheikh waliosema, na wanaosema hadi leo, kwamba kuzungusha ng'ombe ni bidaa isiyo na asili katika dini, na hoja yao haistahili kudharauliwa. Kwa sababu hiyo na kwa sababu ya mji kupanuka, wageni kuingia na wazee kufa, zinguo limepungua nguvu mahali pengi. Kaburi limebaki, lakini wanaojua mpaka wa mji ulipo ni wachache. Nani leo ataizungusha ng'ombe Mombasa nzima? Atakufa njiani kwa uchovu kabla hajafika Changamwe.

Kilichofuata ni ulinzi wa kuajiri. Badala ya wazee kutoka na ng'ombe wao, watu wakaanza kumwita mtaalamu kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walitoka vijana waliouza dawa iitwayo mchape, wakazunguka vijiji katika nchi jirani. Watu walipangwa mstari, kijana akawatazama kwa kioo, na aliyeonekana kuwa mchawi akatakiwa kutoa pembe na vitu vyake na kunywa dawa. Akishakunywa, alihesabiwa kuwa ametakasika na akarudi nyumbani kwake. Nchini Tanganyika alipata sifa mganga Nguvumali, hata malenga Hasani bin Ismail akamtungia utenzi, uliochapishwa Oxford mwaka 1968. Huko nako kijiji kilitafuta salama, lakini angalia kilichobadilika. Ng'ombe alizunguka mji bila kumtazama mtu yeyote usoni. Kioo cha mchape kilimtazama kila mmoja usoni, na lazima apatikane wa kunyooshewa kidole.

Serikali ya Mwingereza iliiona hatari hiyo. Sheria ya uchawi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, ikatungwa upya mwaka 1928, na Tanzania bado inayo katika vitabu vyake. Ilimwadhibu ajidaiye kuwa na uchawi, na pia ilimwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi pasipo kupeleka habari kwenye mamlaka. Kwa karatasi ilikuwa busara. Kwa watu wa vijijini ilionekana kuwa serikali imefunga mikono ya mlinzi na kumwacha mwizi huru. Sheria inaweza kukataza kunyoosha kidole. Haiwezi kumwondolea mtu hofu iliyokinyanyua kidole hicho.

Sasa tuje mwaka 1995, mwaka ambao Wazanzibari wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa.

Jina la Popobawa halikuanza mwaka huo. Wazee wa Pemba wanakumbuka kulisikia mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na lilisikika tena katika miaka ya 1970. Wapo wanaosimulia kwamba asili yake ni mtu aliyemfungulia jini ili alipize kisasi kwa jirani zake, jini likamshinda nguvu na kwenda zake. Lakini mwaka 1995 hofu ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilianza Pemba wakati wa Ramadhani, mwezi wa Februari, ikavuka bahari mpaka Unguja na kuingia mjini. Ilisemwa kuwa ni kiumbe kijacho usiku, na kivuli chake ni kama bawa la popo, na ndipo lilipotoka jina hilo. Humwingilia mtu usingizini, mwanamume au mwanamke, akamkandamiza na kumdhalilisha. Baya zaidi, ilisemwa kwamba humwamuru aliyedhalilishwa akawaeleze wenzake, na akinyamaza atarudiwa. Aliyebuni sharti hilo, kama alikuwapo wa kubuni, aliijua kazi ya kueneza habari kuliko sisi watu wa redio.

Nilikuwa kijana wa skuli. Nakumbuka mikeka ikitolewa nje magharibi ilipokwisha, familia nne au tano zikalala pamoja uwanjani, moto ukawashwa, na wazee wakakesha kwa kusoma Kurani. Majirani ambao hawakuwa wakisalimiana walilala ubavu kwa ubavu. Bibi yangu alitupanga watoto katikati na watu wazima pembeni, kama yai katika kiota. Nasema kweli, usiku ule wa kwanza mimi sikuogopa, kwani nilizungukwa na mtaa mzima. Ulikuwa ni zinguo lisilo na ng'ombe.

Lakini kadiri siku zilivyokwenda, kukesha kukageuka kutafuta. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, uliofanyika Zanzibar tarehe 22 Oktoba 1995, ambao Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Katika nchi iliyogawanyika katikati namna hiyo, kila jambo lilikuwa na chama chake, na hata Popobawa alitafutiwa kadi ya chama. Wapo waliodai kuwa ameletwa ili watu wasahau siasa. Wengine wakasema ameletwa na hao hao wanaodai hivyo. Mtu mgeni akipita mtaani usiku, macho yakamfuata.

Ndipo likatokea lililotokea. Katika mji wa Zanzibar, mtu mmoja mgeni kutoka bara, mwenye maradhi ya akili, alikamatwa na kundi la watu waliosema ndiye Popobawa. Wakamwua. Hakuwa na mabawa. Alikuwa mgonjwa aliyekuwa mbali na kwao, asiyeweza kujieleza. Baada ya siku hizo hofu ilianza kupoa, watu wakarudi kulala ndani, na mji ukasema umesalimika. Nauliza, ulisalimika na nini?

Madaktari wanalo la kusema juu ya hali ile ya kukandamizwa. Mtu anapoota, mwili hulegezwa viungo ili asinyanyuke na ndoto yake. Mara nyingine akili huamka kabla ya viungo, mtu akafumbua macho, akashindwa kusogea wala kupiga kelele, akahisi uzito kifuani na mtu chumbani. Waswahili walikuwa na jina la jambo hili zamani kabla ya maabara: wanaliita jinamizi. Mtu aliyekabwa na jinamizi hasemi uongo; kilichompata kimempata. Lakini jinamizi la mtu mmoja likisimuliwa mtaani kwenye hofu, kesho usiku litawapata kumi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii wengi huitumia kuunga mkono uvumi. Mimi naiona ni onyo, kwamba lisilokuwapo linaweza kuletwa kwa kusemwa tu.

Tangu hapo Popobawa amerudi zaidi ya mara moja. Alisikika tena karibu na uchaguzi wa mwaka 2000, na mwaka 2007 alivuka hadi Dar es Salaam. Na si yeye peke yake. Mwezi Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Seliani, Arusha, walifika kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kuwa ni wanyonya damu, wale ambao babu zetu waliwaita mumiani. Waliuawa na kuchomwa moto pamoja na gari lao. Mwaka uliofuata, 2017, uvumi kama huohuo uliwaka kusini mwa Malawi, watu wasiopungua tisa wakauawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Na ni vikongwe wangapi wa Usukumani waliokatwa mapanga kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe?

Weka sasa mambo haya sambamba. Zinguo lilikuwa na siku yake. Wauaji wa mwaka 1995 na wa 2016 hawakuwa na siku, waliamka kwa ukelele. Zinguo lilikuwa na wenyewe wanaojulikana kwa majina, na likiharibika wazee waliulizwa. Kundi halina mwenyewe, na asubuhi kila mmoja husema nilikuwa nyuma, sikuona. Zinguo lilimwaga damu ya ng'ombe na nyama yake ikaliwa na maskini. Kundi humwaga damu ya mtu, na wanaofaidika ni funza. Makunduchi mgeni ni baraka. Kwa kundi, mgeni ndiye jini mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kwamba wazee wetu, pamoja na yote tuliyowalaumu juu ya utumwa na unyanyapaa wao, walijua jambo moja juu ya hofu ambalo sisi wenye simu za mkononi na minara ya mawasiliano tumelipoteza. Walijua kuwa hofu haiondoki kwa kuambiwa "acheni ushirikina". Hofu hutaka kazi ya kufanya. Wao waliipa miguu ikazunguka mji, wakaipa mdomo ikasoma dua, wakaipa mikono ikagawa nyama, na jioni ikarudi nyumbani imechoka. Sisi tunaiacha bila kazi, nayo hujitafutia yenyewe. Na kazi iliyo rahisi kuliko zote ni kumkamata asiye na wa kumtetea.

Simtaki mtu arudishe ng'ombe. Anayeona ni bidaa asilazimishwe, na anayeona ni mila yake asitukanwe. Nataka turudishe kile kilichokuwa ndani ya zinguo. Uvumi ukiingia mtaani, sheha au mwenyekiti wa mtaa asijifungie ndani akisubiri polisi. Aite watu mapema, mchana, awaweke pamoja imamu, padri, mwuguzi wa zahanati na mwalimu, na kila anayeogopa aseme anachoogopa bila ya kuchekwa. Watu wakitaka kukesha, wakeshe pamoja, kama tulivyokesha sisi mwaka 1995, lakini katika mkesha huo wapangwe kwa majina watu wazima wenye kazi moja tu, ya kusimama kati ya kundi na mgeni. Mgonjwa wa akili ajulikane ni wa nani na analala wapi, na akiwa hana kwake, mtaa umhesabu kuwa wake kabla usiku haujaingia.

Na sisi wa vyombo vya habari tuna sehemu yetu. Msikilizaji anapopiga simu studio kusema kuwa mtaani kwao ameonekana kiumbe, kabla hatujamweka hewani tukumbuke lile sharti la Popobawa: nenda ukawaeleze wenzako. Tukilitii bila kuuliza, tutakuwa sisi ndio bawa lake. Leo kazi hiyo haifanywi na redio peke yake. Kila mwenye simu amekuwa mtangazaji, na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana hufika Pemba, Tanga na Mombasa kabla chai haijapoa. Kabla ya kuusambaza ujumbe huo, jiulize kama umo ndani yake mtu ambaye anaweza kufa kesho kwa sababu yako.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mazimwi ya usiku tumeishi nayo karne nyingi, na miji yetu bado ipo. Gedi yenyewe, pamoja na fingo zake mlangoni, haikuachwa ukiwa na jini. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wanahistoria ni vita, uhaba wa maji na njia za biashara zilizohama, yaani mambo ya binadamu na ya ardhi. Mji huuliwa zaidi na wanaoishi ndani yake kuliko na wanaoruka juu yake.

Basi usiku wa leo, ndugu msomaji, kabla ya kufunga mlango, mtazame jirani yako anayekaa peke yake, yule kikongwe, yule mgeni, yule anayeongea mwenyewe njiani. Mpe habari za jioni kwa jina lake. Kama hulijui, kesho ulitafute. Mpaka wiki ijayo, nakutakia usiku mwema.